Butu Hacheki

Ugomvi ulianzia mdomoni, na mdomo wenyewe haukuwa wa mtu. Ulikuwa wa mnyama wa jasi aliyelala juu ya meza ndefu ya karakana, nyuma ya jengo la makumbusho, kule ambako wageni hawafiki na harufu ya gundi haiishi. Mkuu wa makumbusho aliingia asubuhi na kikombe chake cha chai mkononi, akamzunguka yule mnyama, akainama, akamtazama usoni kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kusalimia wageni.

“Mbona amenuna?” akauliza.

Bi Jasi hakuinua kichwa. Alikuwa anasugua pezi kwa msasa. “Hajanuna. Ndivyo alivyo.”

Jina la Bi Jasi alipewa na wenzake kwa ajili ya lile vumbi jeupe lililokuwa halimtoki kwenye nyusi hata siku za mapumziko. Alikuwa fundi wa kalibu: mnyama akifa, yeye ndiye humfunika kwa jasi mbichi, akangoja ikauke, akaipasua, na ndani ya lile ganda likabaki umbo zima la marehemu, kila kunyanzi mahali pake. Kazi hiyo ameifanya tangu Mkuu akiwa kijana wa chuo, anakuja karakana na penseli nyuma ya sikio kuchora mifupa.

Na huyu aliyelala mezani, Bi Jasi alimfuata mwenyewe. Alikuwa jike, maji yalimtupa kando ya bandari, amekufa, nzi wameshaanza kukusanyika. Bi Jasi na mchomeleaji wa karakana walibeba magunia ya jasi na ndoo wakaenda kumfanyia kazi palepale mchangani, kwa sababu jua halimsubiri mtu. Watu walisimama kuwazunguka wakisema pomboo, pomboo. Kwa kweli hakuwa pomboo. Alikuwa binamu yake, yule mfupi mnene asiye na pua ndefu. Vitabuni ana jina la kuvunja ulimi. Karakana walimwita Butu, kwa vile uso wake unakatika ghafla kama kisu kilichochoka, na jina likamkaa.

Mkuu akaweka kikombe pembeni ya meza na kueleza shida yake. Ukumbi wa bahari unafunguliwa upya. Mfadhili wa ukumbi alipita jana, akamwona Butu, akasema mnyama huyu anatia huzuni. Akauliza kama haiwezekani awe mchangamfu kidogo. Sasa yeye Mkuu amefikiria hivi: kalibu ya pomboo bado ipo stoo. Watoe umbo kwenye hiyo, wakate ile pua, wapunguze urefu, wabadilishe pezi la mgongoni. Lile tabasamu waliache.

“Yaani tumtoe pomboo pua halafu tumwite Butu,” alisema Bi Jasi.

“Tofauti yao naijua, mama. Meno yale nilikuonyesha mimi.”

Ni kweli, alimwonyesha yeye. Siku hiyo walipofungua kinywa cha yule jike, Mkuu alichuchumaa mchangani na suruali yake ya ofisini akasema tazama: pomboo meno yake ni ya kuchonga, yamechongoka kama miiba, na huyu ya kwake ni bapa, kama vijiti vya kulia aisikrimu. Alifurahi siku ile kama mtoto. Kwa hiyo tatizo la Mkuu halikuwa kutojua. Alijua, akaamua kufumba macho, na hilo ndilo lililomuuma Bi Jasi kuliko kama angekuwa mjinga.

“Watoto hawaji hapa kupima meno,” Mkuu akaendelea. “Wanakuja wafurahi. Wasipokuja, huu ukumbi unakuwa stoo ya viti. Unaelewa?”

“Naelewa. Sifanyi.”

Mkuu akachukua kikombe chake. Akasema atawaambia wengine wafanye, na kwamba kalibu ya Butu, kama haina kazi, ijue njia yake. Kila mtu pale alijua maana yake. Kalibu isiyotumika huvunjwavunjwa kwa nyundo, jasi yake ikaenda kufukia mashimo ya ile njia ya uani inayopita magari ya mizigo. Twiga mmoja mzima na mamba wawili walikuwa chini ya matairi hayo.

Mkuu alipotoka, Bi Jasi aliteremsha kalibu ya pomboo kutoka stoo, akailaza wazi karibu na ya Butu, akavuta kiti. Hakuwa na chuki na pomboo, ieleweke. Pomboo alimtengeneza yeye, ndiye yule anayening'inia chinichini kwenye ukumbi wa mlangoni, na watoto wamemshika pua mpaka rangi imeliwa ikabaki faiba tupu. Ni mnyama mzuri. Mrefu, mgongo umepinda kwa maringo, pezi limelala nyuma kama nywele za mtu aliye kwenye pikipiki. Anaruka juu ya maji hata pasipo na sababu, anafuata meli, anapenda kutazamwa.

Butu ni mambo mengine. Kimo chake hakimfikii mtu mzima, kiwiliwili kimejaa kama gunia lililofungwa vizuri. Pezi lake ni pembetatu, fupi, halina mbwembwe. Haruki ovyo. Huja juu kuvuta pumzi, huitoa kwa kishindo kidogo kama mtu anayezuia chafya msibani, halafu huyo amezama, mwenye kuona ameona. Meli akiisikia anaenda zake. Na mdomo ni mkato mfupi tu, unapanda kidogo mno mwishoni, kama wa mtu anayesikiliza hesabu za mwenzake na hajaamua bado kama ni za kweli.

Akapitisha kidole kwenye mdomo wa pomboo, ndani ya kalibu. Lile tabasamu. Pomboo hacheki, ni taya lake lilivyoumbwa. Akishikwa na nyavu anatabasamu, akifa anatabasamu, akioza pia. Watu wanamwona mchangamfu, wala hakuna aliyemuuliza. Bi Jasi aliona kwamba angeweza kumhurumia pomboo kwa hilo. Lakini kulichukua lile taya na kumpachika mwingine, aliyebahatika kuzaliwa bila hiyo adha, hapana.

Nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mnene wa maneno aliyeshona sare za shule kwenye cherehani iliyokaa katikati ya sebule kama mgeni wa heshima. Wifi alisikiliza kisa chote huku amebana pini midomoni, na pini hizo hazikumzuia kusema.

“Wifi yangu, mchekeshe huyo samaki, tulale.”

“Si samaki.”

“Mchekeshe huyo ambaye si samaki.” Akazitoa pini. “Mimi najua kinachokuuma. Umekumbuka mapokezi.”

Wifi alikuwa amegonga penyewe. Miaka ya nyuma, karakana ilipofungwa kwa ukarabati, walimpeleka mapokezi kukata tiketi. Hakumaliza wiki. Wageni walilalamika kwamba yule mama wa mlangoni ana sura ya kuwafukuza. Meneja wa wakati huo akamwita, akampa kioo kidogo, akamwambia ajizoeze. Bi Jasi hakuwa amemkasirikia mtu yeyote. Ndio uso aliopewa, umetulia, pembe za mdomo haziendi kokote zisipotumwa. Tangu utotoni ameambiwa cheka kidogo: kwenye picha za shule, kwenye harusi yake mwenyewe, hata na daktari wa macho.

“Kaka yako hakuniambia hata siku moja nicheke,” alisema.

“Kaka yangu alikuwa anakuogopa.” Wifi akakata uzi kwa meno. “Utamwaga unga bure. Mkuu ana mfadhili nyuma yake, wewe nyuma yako una mimi na cherehani.”

“Basi naona tumelingana.”

Wifi alicheka mpaka akakohoa, lakini alipoinama tena kwenye kitambaa aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba yeye akipewa oda ya sare ya bluu hashoni ya kijani hata mteja alie machozi. Halafu akakanyaga cherehani kwa nguvu ili asiulizwe alikuwa upande gani.

Karakana walifanya walichoagizwa. Mchomeleaji alikunja mifupa ya chuma, seremala akachonga kibao cha kumning'inizia, na yule mpaka rangi akapiga msasa na kujaza. Bi Jasi hakuwalaumu, wana watoto. Alikaa kwenye kona yake akiendelea na umbo la Butu wa kweli kana kwamba hakuna linalotokea, na wao walipita karibu naye kwa kunyata, kama wapangaji wanaodaiwa kodi.

Mnyama aliyetoka alikuwa kituko. Pua ilikatwa, lakini mabega yalikuwa ya pomboo, mgongo wa pomboo, na pezi la pembetatu limekaa juu kama kofia ya kuazima. Uso ulicheka sikio hadi sikio, isipokuwa masikio hana.

“Anafanana na mjomba wangu alipong'olewa meno ya mbele,” mpaka rangi alisema, na hakuna aliyecheka sana.

Likabaki tumbo. Na hapa lazima nieleze desturi ya karakana ile, maana ndiyo iliyoleta yote. Fundi wa kwanza kabisa wa pale, aliyekufa kabla hawa hawajaajiriwa, aliacha utaratibu kwamba mnyama hafungwi tumbo kabla kila aliyemtengeneza hajaingiza kiganja chenye rangi na kukigandamiza kwa ndani. Nje haionekani. Kisha kila mkono una deni lake: mgeni akiuliza swali la rangi, anaitwa mwenye mkono wa rangi, la chuma, wa chuma, la umbo, fundi wa kalibu. Hutumi mtu mwingine, wala husemi sijui, au haikuwa kazi yangu. Mapokezi wote waliufuata utaratibu huo. Ilikuwa kawaida kumwona mpaka rangi ameitwa ukumbini na brashi mkononi, anamweleza bibi mmoja kwa nini nyumbu ana ndevu nyeusi.

Mchomeleaji aliingiza mkono wake. Seremala akafuata, mpaka rangi akafuata. Wote watatu wakamtazama Bi Jasi. Yeye akaitia mikono yake yote miwili kwenye mifuko ya aproni.

“Chuma kimesimama, kibao kizuri, rangi safi,” alisema. “Jibieni hivyo. Umbo si langu.”

Hawakumfunga. Walikaa naye siku mbili tatu tumbo wazi, kila mmoja akijifanya ana kazi nyingine, mpaka Mkuu aliposhuka mwenyewe kuuliza kinachosubiriwa. Mchomeleaji, huku akitazama buti zake, akasema imeingia mikono mitatu, wa nne haujapatikana.

“Fungeni tu. Nani ataona?”

Hakuna aliyesogea. Si kwamba walikuwa majasiri. Mwili ulikataa, kama unavyokataa kukanyaga kitanda cha mtu.

Mkuu akawatazama mmoja mmoja. Akavua saa. Akakunja shati mpaka kwenye kiwiko. “Basi nitaweka wangu.”

Bi Jasi alimsogelea na kopo la rangi, akalishika ili achovye vizuri. “Weka, baba. Ila unajua unaweka mahali pa nani. Ukiulizwa umbo, unajibu wewe.”

“Nitajibu.”

“Siyo mfadhili. Wewe.”

Mkuu akachovya kiganja, akauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kugandamiza. Alipoutoa mkono, alimwambia Bi Jasi, mbele ya wenzake, kwamba kwa kuwa hana kazi karakana, kesho aripoti mapokezi. Na kalibu yake ivunjwe. Seremala, aliyekuwa karibu na nyundo, aliitikia ndiyo Mkuu, halafu akasahau. Alikuwa na kumbukumbu mbaya sana mwezi ule. Turubai kubwa lilitanda juu ya kitu fulani chini ya benchi lake na hakuna aliyeuliza.

Bi Jasi alivua aproni, akaikunja. Kisha akamwomba mpaka rangi amshikie upande wa pili, wakampandisha Butu wa jasi kwenye toroli, yule wa kweli, wa mezani, na kumsukuma kupitia korido mpaka mapokezi. Wakamlaza kwenye benchi refu la kusubiria, karibu na dirisha la tiketi. Katika sheria zote za makumbusho, hakuna iliyokataza mfanyakazi wa mapokezi kuwa na kitu pembeni yake. Yule aliyemtangulia alikuwa na kasuku wa plastiki.

Ukumbi ukafunguliwa, mfadhili akakata utepe, akapiga picha chini ya yule mcheshi na kuondoka ameridhika. Kuanzia kesho yake watu wakaanza kuja. Mlangoni walimkuta mama mmoja ana uso uliotulia, anakata tiketi bila maneno mengi, na pembeni yake mnyama mweupe wa jasi mwenye uso uliotulia vilevile. Watoto hawakumwogopa hata mmoja. Walimshika Butu kichwani, wakamkalia mgongoni, wakauliza ni nani. Bi Jasi akawaambia: huyu ni Butu, huyu alikufa bandarini hapo, na hivi ndivyo alivyokuwa, hata hili kovu ni lake. Wakiingia ndani, watamkuta ananing'inia mwingine mwenye jina lilelile.

Walikwenda, wakarudi. Walirudi wote, hilo Bi Jasi hakulitegemea.

“Mbona yule wa juu anacheka na huyu hacheki?”

“Swali la umbo,” alijibu Bi Jasi. “Mwenye mkono yuko ghorofani, mlango wenye zulia. Gongeni kwa adabu.”

Siku ya kwanza Mkuu aliwapokea watoto wa shule kwa bashasha na kuwaambia kwamba wanyama, kama watu, hawafanani. Siku iliyofuata msichana mmoja mwenye miwani alirudi kwake mara ya pili kumwambia kwamba amepima mabega kwa kunyoosha mikono hewani, na mabega ya yule wa juu ni sawasawa na ya pomboo wa mlangoni. Walimu walikuja. Wazee waliokuwa wamekuja kukwepa jua walikuja. Ikafika mahali Mkuu akisikia viatu kwenye ngazi anajifanya ana simu. Na Bi Jasi chini kule hakumsema vibaya hata mara moja. Alikata tiketi, akaelekeza, akakata nyingine. Akampigia wifi yake simu mchana kumwambia kwamba safari hii mapokezi anakuweza.

“Umejifunza kucheka?” wifi aliuliza.

“Nimepata mwenzangu.”

Mwisho Mkuu alishuka. Alikuja kumwambia, kwa upole wa kulazimisha, aiondoe ile jasi, inaziba njia. Bi Jasi akamjibu kwamba haiondoki, na kama anataka iondoke aibebe mwenyewe, mbele ya hawa wageni. Kulikuwa na foleni. Mkuu akaangalia benchi, na badala ya kubeba akakaa, palepale kwenye nafasi iliyobaki karibu na mkia. Mtoto mdogo, mkono ukiwa juu ya mdomo wa Butu, akamuuliza kama yeye ndiye yule mwenye mkono.

“Ndiye mimi,” akasema.

“Yule wa juu ni wa kweli?”

Bi Jasi aliacha kukata tiketi.

“Hapana,” alisema Mkuu. “Yule ni pomboo. Tulimkata pua. Nilimkata mimi.” Akaweka kiganja juu ya kichwa cha jasi, taratibu, kama siku ile mchangani. “Huyu hapa ndiye wa kweli. Meno yake yalikuwa bapa, niliyaona mwenyewe.”

Alipopanda ofisini alimpigia mfadhili. Waliopita koridoni walimsikia akisema “sawa, basi acha,” na kukata. Ukumbi ungeendeshwaje bila pesa zake, hakuna aliyejua. Kesho yake mchomeleaji alipandisha ngazi, yule mcheshi akashushwa, akapasuliwa tumbo kwa msumeno, na viganja vinne vikaonekana ndani, kimoja kikubwa kuliko vingine na vidole laini visivyo na alama ya kazi.

Seremala akakumbuka ghafla kilichokuwa chini ya turubai.

Walimtoa Butu kwa faiba kutoka kwenye kalibu yake mwenyewe, mfupi, mnene, pezi pembetatu, mdomo ule wa kutoamua. Tumbo likabaki wazi. Mchomeleaji akaweka mkono, seremala, mpaka rangi. Bi Jasi, aliyerudi karakana bila kuomba ruhusa ya mtu, alichovya chake akakigandamiza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, shati limeshakunjwa tayari hadi kwenye kiwiko. Akauliza, karibu kwa aibu, kama kuna nafasi ya mmoja zaidi.

Bi Jasi alifuta kiganja kwenye aproni, akachukua kile kipande cha kufunikia tumbo na kukipaka gundi pembeni kote, hakuacha mahali.

“Wako ulishautumia,” alisema, na akafunga.